Meditesheni imeniletea hofu na machozi: niendelee au niache?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, naishi Makorora, nina miaka 34, mume na watoto wawili. Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Baba alifariki mwaka jana, na baada ya hitima nikarudi kazini wiki ile ile. Miezi michache baadaye nikaanza meditesheni kwa kufuata video za kwenye simu. Mwanzoni nilipata raha ambayo sijawahi kuipata. Hasira zilipungua, hata swala zikawa na utulivu. Nikaongeza muda, na siku hizi nakaa kwa muda wa saa mbili kabla ya alfajiri na saa nzima nyingine kabla ya kulala, na ninafunga Jumatatu na Alhamisi. Tangu mwezi uliopita mambo yamegeuka. Nikifumba macho moyo unakwenda mbio, vidole na midomo vinakufa ganzi, nalia bila sababu. Darasani kuna wakati najiona kama si mimi ninayefundisha. Harusi na taarabu sizitaki tena, na Qur'ani naisoma moyo mkavu. Yule wa kwenye video anasema ndiyo kuamka kiroho, niongeze muda nisiogope. Shangazi anasema nimepandwa na pepo, anataka kunipeleka kwa mganga. Nafikiria kuacha kazi nikakae Lushoto peke yangu mpaka nijue moja. Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Nitangulize jibu, maana najua ndilo unalolitafuta: punguza kuanzia leo, usiongeze hata dakika moja, na usiache kazi. Sababu zake ni ndefu kidogo, kaa nami.

Kuna jambo hukuliandika, ila barua yako imelisema. Mwalimu mwenye watoto wawili na madaftari ya kusahihisha hawahi kitandani kabla ya saa tano usiku, na wewe kabla ya hapo bado unakaa saa nzima umefumba macho. Ili ukae tena kwa muda wa saa mbili kabla ya adhana ya alfajiri, lazima uamke saa tisa au kabla yake. Basi unalala kwa muda wa saa nne tu, pengine pungufu, na umefanya hivyo kwa miezi. Ukiongeza na saumu mbili kwa wiki, mimi sihitaji kutafuta pepo wala mwamko ili nieleze kwa nini moyo unadunda, machozi yako karibu na darasa linaonekana kama ndoto. Mtu yeyote akinyimwa usingizi kiasi hicho atafika hapo, awe mcha Mungu au asiwe.

Ganzi ya vidole na midomo nayo ina maelezo yake. Video nyingi za siku hizi hufundisha kuvuta pumzi nyingi na kwa kasi. Ukipumua kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya kaboni hupungua kwenye damu, damu inabadilika kidogo, na mishipa ya fahamu inaanza kuchomachoma kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole. Kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Mwenye hofu hupumua hivyo hata bila kufundishwa. Hapo mtu huambiwa kuwa "nguvu inapanda". Kilichopanda ni pumzi. Acha mazoezi hayo ya kupumua kwa kasi moja kwa moja, sina maneno ya kuzungushazungusha hapo.

Na kabla hatujafika kwenye roho, nenda kapime. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, jasho na wasiwasi; upungufu wa damu huleta moyo kudunda na uchovu, na kwa wanawake wa umri wako si jambo la nadra. Mweleze daktari kila kitu, pamoja na saumu na meditesheni, usione haya. Mficha uchi hazai.

Tuseme vipimo vimetoka salama na umelala vizuri wiki mbili, na bado kuna kitu kimebaki. Nadhani kitabaki. Sehemu yake mimi naiita kwa jina lake, msiba. Wewe ni kifungua mimba. Siku ya mazishi ulikuwa wapi? Najua ulikuwa wapi: ulikuwa unahesabu sahani, unapokea wageni wa Pangani na Muheza, unauliza kama mchele utatosha, unamshika mama yako asianguke. Hitima ikaisha, ukarudi ubaoni. Wenzako walilia, wewe uliendesha shughuli. Halafu ukajifundisha kukaa kimya kwa muda mrefu kila siku, bila simu, bila watoto, bila sahani. Ulitegemea nini kije? Unaandika "nalia bila sababu", na sentensi chache juu yake umeniandikia sababu yenyewe.

Hii si nadharia yangu ya nyumbani. Wanaoshughulika na tiba ya akili wanaijua hali ya mtu ambaye anapotulia ndipo anapopata hofu, kwa kuwa shughuli nyingi ndizo zilizokuwa zimemzuia asihisi. Machozi ya namna hiyo hayahitaji kuchunguzwa yana maana gani ya kiroho. Yanahitaji mtu wa kukaa naye. Nenda kwa mama yako Jumamosi, mzungumze habari za baba. Nenda kaburini ukamsomee. Ukilia pale, umelia mahali pake.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza hasa, kama kuna mpito wa kiroho ndani ya haya yote. Upo, na si wewe wa kwanza. Mila nyingi zilizowahi kuwakalisha watu kimya zimeandika kwamba baada ya utamu wa mwanzo huja kipindi cha ukavu, hofu au kuchukia mambo yaliyokuwa yanapendwa. Video zako zimechota zaidi kwa Wabudha, basi nianze nao. Huko Sri Lanka, katika karne ya 5, mtawa Buddhaghosa aliandika kitabu kikubwa cha mafunzo, Visuddhimagga. Ameziweka hatua kwa mpangilio: mtu hupata kwanza mianga, furaha na wepesi wa mwili, na yeye anayahesabu mambo hayo miongoni mwa mitego 10 ya kumfanya mwanafunzi adhani amefika. Kisha huja kuona kila kitu kinayeyuka, halafu hofu, halafu kuona ubaya wa mambo, halafu kinyaa, halafu hamu ya kutoka. Utulivu wa kweli uko mbele ya hayo. Kwa hiyo anayekufundisha mbinu za Kibudha bila kukuambia habari hii amekupa nusu ya somo.

Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya kuitakasa nafsi, wanazo hali mbili wanazoziita qabdhi na basti, moyo kubanwa na moyo kukunjuliwa. Al-Qushayri, aliyefariki mwaka 1072, amezieleza kwa kirefu, na Ibn Ata'illah wa Misri, aliyefariki mwaka 1309, anasema Mungu hukukunjua ili asikuache katika kubanwa, na hukubana ili asikuache katika kukunjuka. Wengi wao wanasema hali ya kukunjuka ndiyo ya kuchunga zaidi, kwa sababu ndani yake nafsi hujipatia sehemu yake. Kumbuka ile raha ya miezi ya kwanza, jinsi ilivyokufanya uongeze muda na kuongeza tena.

Kwa wenzetu Wakatoliki yupo Yohane wa Msalaba, aliyefungwa na watawa wa shirika lake mwenyewe huko Toledo mwaka 1577 na akaja kuandika juu ya usiku wa giza wa roho. Namtaja kwa sababu aliuliza swali lako hili hili, mtu atajuaje kama ukavu wake ni wa kukua au ni maradhi ya huzuni? Akatoa alama tatu. Mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, wala haoni ladha kwingineko. Bado moyo wake unamhangaikia Mungu, anaona uchungu kwamba hamtumikii vizuri. Na hawezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani. Ile alama ya pili ndiyo yenye uzito. Aliyeshikwa na maradhi ya huzuni peke yake mara nyingi hajali tena. Aliye katika ukavu wa njia anajali sana, ila haonji. Wewe umeniandikia barua nzima kwa sababu Qur'ani imekuwa kavu. Hiyo ni dalili njema. Lakini Yohane huyo huyo anakubali kwamba mambo mawili yanaweza kukaa pamoja ndani ya mtu mmoja, ugonjwa na njia. Ndiyo maana nimekutuma kupima kwanza.

Wavuvi wa hapa wanajua kipindi cha maleleji, kusi imeshakatika na kaskazi haijashika, upepo unatoka huku mara kule, na hakuna nahodha wa jahazi anayeanza safari ndefu wakati huo. Hawasemi bahari imeharibika. Hawasemi pia kwamba upepo huo ni neema, watweke tanga zote. Wanafanya kazi ndogo za karibu na pwani.

Utafiti wa kisasa unakubaliana na wazee hao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani walichapisha mahojiano na watu wa mila za Kibudha katika nchi za Magharibi waliopata tabu kwenye taamuli, yaani meditesheni; waliorodhesha aina 59 za mambo yaliyowapata, na humo mna hofu, kukosa usingizi, mwili kutetemeka, kulia, na kujihisi si yeye. Mwaka 2020 watafiti wengine walipitia tafiti 83 na kukuta takriban asilimia 8 ya watu walipata madhara fulani, ya kwanza yakiwa wasiwasi na huzuni. Si wengi, na si wachache. Wengine walikuwa hawajawahi kuugua akili kabla.

Ninachotaka ukishike ni kwamba maumivu hayathibitishi kitu peke yake. Hayathibitishi kuwa unakua, kama anavyodai yule wa kwenye simu, wala kuwa umepandwa, kama anavyodai shangazi. Utayapima kwa yanayobaki baada ya kuinuka mkekani. Unalala? Unakula? Watoto wako wanakuonaje? Ukikasirishwa na mwanafunzi, unarudi haraka au unakaa na sumu siku nzima? Kama baada ya kipindi kigumu unakuwa mpole zaidi kwa mumeo na mkweli zaidi kwako mwenyewe, njia ipo. Kama unazidi kuwa mbali na kila mtu huku ukiona hao wengine wako chini, hapo pana kosa, hata kama unaona nuru.

Basi ufanyeje. Kwa wiki tatu, kaa dakika 10 tu kwa siku, mchana au baada ya Alasiri, si usiku wa manane. Macho yawe wazi, yatazame chini mbele yako. Usifuatilie pumzi, kwa sasa ndiyo inayokuamsha hofu. Weka akili kwenye nyayo zilivyogusa sakafu, au sikiliza sauti za nje, baiskeli zinazopita, muuza kahawa anayegonga vikombe. Hofu ikija, usiikabili na usiifukuze. Fungua macho zaidi, taja kimoyomoyo vitu vinavyoonekana chumbani, ikizidi inuka ukanawe uso, ukaendelee na kazi. Kuinuka si kushindwa. Hili nalirudia kwa sababu walimu wa mtandaoni wamewatia watu woga wa kuinuka.

Saumu za sunna ziache kwanza, utazirudia. Kula chakula kizito, samaki, ugali, muhogo. Kazi za mikono ni dawa ambayo watu wa taamuli wanaidharau: kukuna nazi, kufua, kupalilia. Jioni tembea Raskazone na watoto, kwa mwendo wa kawaida, bila kugeuza matembezi kuwa zoezi. Lala kwa muda wa saa saba kila usiku. Ukiweza saa nane, ni bora zaidi.

Swala zako za faradhi endelea nazo kama zilivyo, kavu kavu. Swala haikuwekewa sharti la utamu. Na ukitaka kumkumbuka Mungu zaidi, nenda pale wanapokaa watu wakamkumbuka pamoja. Hapa pwani tumerithi hilo kutoka kwa zawiya, zile nyumba za Masufi za kukutania kwa dhikiri. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, hakuwaachia wanafunzi wake wa tarika ya Qadiriyya kazi ya kukaa kila mtu chumbani na mlango umefungwa. Murid, yaani mwanafunzi wa tarika, alikuwa na shekhe anayemtazama usoni, na halaka, duara la dhikiri, yenye watu kushoto na kulia. Shekhe akiona macho ya kijana yamebadilika, anampunguzia nyiradi, zile dhikiri alizompa azisome. Simu haikuoni uso.

Kuhusu shangazi. Usigombane naye. Ameona bintiye amekonda, haji harusini, macho mekundu, na ametumia maneno aliyo nayo. Nitasema jambo ambalo wenzangu wa taaluma hawapendi kulisikia: ngoma ya pepo angalau haimwachi mgonjwa peke yake, watu wanakusanyika, wanamwimbia, wanamlisha, wanamuuliza anataka nini. Ndicho unachokikosa. Lakini kwa mganga usiende. Mwambie shangazi kuwa umeanza na hospitali, na kama anataka, aje mtu mnayemwamini akusomee nyumbani, mchana, mumeo akiwepo. Dawa za kunywa zisizojulikana hapana, kufukizwa kwenye chumba kilichofungwa hapana, na yeyote atakayesema upigwe au ukeshe ili pepo atoke, mfungulieni mlango aende zake. Kukesha ndiko kulikokufikisha hapa.

Taarabu na harusi zisikutie wasiwasi sana. Ladha za mtu hubadilika anapofiwa, na hubadilika anapokua. Baadhi zitarudi, nyingine hazitarudi, na hakuna haja ya kutangaza kwamba umeachana na dunia. Nenda harusi ya jirani, kaa nusu saa, toa tunzo yako, rudi.

Lushoto sasa. Najua kulivyo, baridi, ukungu, mapera na ukimya. Na utaniambia Imamu Ghazali naye aliacha kazi. Ni kweli. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, ulimi ulimgomea darasani, chakula hakipiti kooni, na matabibu wakasema ugonjwa wake umeanzia moyoni. Akaondoka. Lakini soma alivyosimulia mwenyewe: alisitasita karibu miezi sita kabla ya kuondoka, na aliwaachia watoto wake cha kuwatosha. Wewe una mwezi mmoja wa tabu na usingizi wa saa nne. Uamuzi wa kazi, ndoa, kuhama au kukata undugu usiufanye ndani ya kipindi hiki, hata ukikujia kwa uwazi wa ajabu. Hasa ukikujia kwa uwazi wa ajabu. Likizo ikifika, panda Lushoto na familia kwa siku chache, mle mapera.

Zipo dalili ambazo ukiziona hupunguzi tena bali unaacha taamuli yote, na unakwenda hospitali ya mkoa, Bombo, siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza, uombe kuonana na wa afya ya akili: ukianza kulala kwa muda wa saa mbili tatu tu na huchoki, bali una nguvu nyingi na mawazo yanakimbia, ukisikia sauti zinazokuamrisha, ukiona umeteuliwa kwa kazi ambayo wengine hawaielewi, ukishindwa kula, au ukifikiria kufa, hata kwa maneno matamu ya kurudi kwa Mola. Mwonyeshe mumeo aya hii. Mwenye hali hizo mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuziona.

Mumeo, kwa kweli, sijamwona sana kwenye barua yako. Anajua unaamka saa tisa. Anajua kwa nini? Mweleze leo, hata kwa sentensi tatu.

Baada ya wiki tatu niandikie tena. Ukiwa umetulia, tutazungumza namna ya kurudi kwenye kukaa kwa muda mrefu zaidi, na kwa nini ni vema umpate mwalimu wa ana kwa ana hata kama ni wa dakika chache kwa mwezi. Usinieleze kwanza ulichokiona ukiwa umefumba macho. Niandikie saa unazolala, majibu ya vipimo, na kama mlienda kaburini kwa mzee.